Mjomba Tuambie: Nyigu anayeburuta buibui mkubwa kuliko yeye

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya nyigu wa udongo, yule anayejenga vijumba vyake kwenye kona ya dari na nyuma ya picha ya harusi, nikasema humo ndani huwa anajaza buibui. Mistari mitatu tu. Kumbe nimechokoza mzinga wa watu! Maswali yamekuja kutoka Muheza mpaka Marekani na karibu yote yanazunguka mdudu mmoja, basi safari hii nimeacha ya kunguni na ya mchwa (mtanisamehe mliouliza ya mchwa, zamu yenu inakuja) tumalize kwanza hili la nyigu wanaowinda buibui.

Jambo papa. Sisi tuko Tucson, Arizona, tulitoka Uvira tukapitia Nyarugusu. Siku ya posho niko nafagia nyuma ya nyumba, naona kidudu kikubwa cheusi, mabawa rangi ya machungwa kama moto, kinakokota buibui ya manyoya kubwa kukipita chenyewe, kinatembea kinyumenyume. Mtoto akapiga picha, telefone ikamuambia ni Pepsis grossa. Kufika ku masomo mwalimu anasema hapana, ni Pepsis formosa. Sasa nani ana haki? — Mama wa watoto wane, Tucson

Jambo sana mama, na hongera kwa kusimama ukaangalia badala ya kukipiga na ufagio, manake wengi wangeanza na ufagio ndo waulize baadae.

Jibu la haraka: wote wawili wana haki ila mwalimu anatumia jina la zamani. Ni mdudu mmoja kapewa majina mawili na watu wawili tofauti, kwa miaka tofauti, na hawakuwa wanajuana.

Wa kwanza ni Johan Christian Fabricius, Mdenmark aliyezaliwa 1745, alisoma Uppsala kwa yule Linnaeus mwenyewe aliyeanzisha huu utaratibu wa kila kiumbe kuwa na majina mawili ya Kilatini. Linnaeus alikuwa mtu wa kila kitu, mimea, samaki, mawe. Mwanafunzi wake yeye akajikita kwenye wadudu, akawapa majina spishi karibu 10,000, na wengi hakuwahi kuwaona wakiwa hai, alikuwa anaangalia waliokaushwa na kuchomwa pini kwenye masanduku ya watu huko Ulaya. Mwaka 1798 akamwandika huyu wa kwako, jina la pili akampa grossa, yaani kwa Kilatini mnene, au bonge tukisema kimtaani. Wakati ule hata hiyo jenasi ya Pepsis (jenasi ni kundi la spishi za karibu, ndo jina la kwanza kati ya yale mawili) ilikuwa haijazaliwa, Fabricius mwenyewe ndo aliyeianzisha baadae mwaka 1804. Ndo maana ukikuta kwenye kitabu wameandika Pepsis grossa alafu jina Fabricius na 1798 viko ndani ya mabano, hayo mabano si mapambo: yanakwambia huyu mdudu aliandikishwa kwanza kwenye jenasi nyingine akahamishwa. Watu wengi wanaosoma vitabu vya wanyama hawajui hii, sasa unaijua wewe.

Wa pili ni Mmarekani, Thomas Say. Yeye alikuwa kwenye ule msafara wa Stephen Long uliokwenda mpaka milima ya Rocky mwaka 1819 na 1820, msafara wa farasi na vumbi, na wadudu aliwakuta wakiwa hai. Mwaka 1823 akamtoa nyigu wake hadharani kwa jina la formosa, yaani mrembo. Na kwa kweli ukimwangalia yule mdudu kwenye jua, ule weusi wenye buluu inayometameta kama mafuta juu ya maji, unaona kabisa Say alikuwa na macho.

Ila sheria ya majina ya wanyama haiangalii nani ana macho, inaangalia tarehe. Ikigundulika majina mawili ni ya kiumbe kimoja, lililotangulia kuandikwa ndo linakaa na la nyuma linawekwa pembeni. 1798 iko mbele ya 1823. Basi bonge kamshinda mrembo, na kwenye upangaji wa sasa formosa anahesabiwa kuwa ni grossa tu.

Sasa kwa nini mwalimu bado anasema formosa? Nadhani najua. Majirani zenu wa jimbo la New Mexico mwaka 1989 walipitisha sheria ya kuwa na mdudu rasmi wa jimbo, na wakamchagua huyu. Habari yenyewe ni tamu, walioanzisha ni watoto wa shule ya msingi kule Edgewood, walichunguza majimbo mengine yana wadudu gani, wakachuja wakabaki na watatu, kura zikatumwa shule za jimbo zima, wanafunzi wakapiga kura na nyigu akashinda. Bunge likaandika kwenye sheria: Pepsis formosa. Wanasayansi wakija kubadili mpangilio wao bunge halirudi kikao kwa ajili ya nyigu, kwahiyo sheria imebaki na jina la mrembo na vitabu vya shule vikafuata sheria.

Kitu kingine, msiiamini sana telefone. Huyu grossa peke yake ana sura mbili: kuna wenye mabawa ya rangi ya machungwa kama uliyemwona na kuna wenye mabawa meusi kabisa, wote spishi moja, mtu asiyejua angeapa ni wadudu wawili. Na upande wa pili hapohapo Arizona kuna Pepsis wengine ambao nao wana mabawa ya machungwa, thisbe kwa mfano, na kuwatofautisha kunataka mtu aliyekaa na darubini. Kuna bwana anaitwa Colin Vardy wa makumbusho ya London aliyepitia jenasi nzima, kazi yake ilitoka vipande vitatu, 2000, 2002 na 2005, akafikisha spishi 133. Mia moja thelathini na tatu, na karibu zote ni nyeusi-buluu! Mimi ningeacha kazi.

Anapopatikana grossa: kuanzia majimbo ya kusini ya Marekani, anashuka Mexico, Amerika ya Kati, mpaka kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Anaenda pale tu penye wale buibui wa manyoya wanaoishi kwenye mashimo, manake bila hao hana pa kutagia.

Na uliyemwona alikuwa jike. Dume hawindi na hana mwiba, kazi yake ni kukaa juu ya kichaka akingoja majike yapite na kunywa maji matamu ya maua. Jike naye anakula maua tu, hasa ile mimea yenye utomvu mweupe inayopendwa na vipepeo, yule buibui si chakula chake bali ni cha mtoto. Kuwatofautisha ukiwaona mauani angalia vipapasio, vya jike vimejikunja kama mkia wa kinyonga na vya dume vimenyooka.

Shikamoo mjomba. Hivi Pepsis ina uhusiano na soda ya Pepsi au ni mimi tu nina kiu? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma

Marahaba mwanangu. Nimecheka, ila swali lako si la kijinga hata kidogo. Pepsis ni neno la Kigiriki, maana yake kupika au kusagika kwa chakula tumboni. Soda nayo imetoka kwenye shina hilohilo: kule North Carolina kulikuwa na mfamasia, Caleb Bradham, alikuwa na kinywaji chake alichokianza 1893, mwaka 1898 akakibadili jina kuwa Pepsi-Cola, akilitoa kwenye neno la kitabibu la chakula kutosagika vizuri, kwa sababu alikuwa anakinadi kama dawa ya tumbo. Kwahiyo ni ndugu wa jina tu. Nyigu ndo mkubwa, jenasi yake ina miaka 94 zaidi ya soda, na ukichukua jina la grossa lenyewe la 1798 basi ni miaka 100 kamili. Mwambie mwalimu wako wa biolojia, anaweza akakupa maksi au akakutoa nje.

Mjomba salaam. Mwanangu kanionyesha video ya huyo nyigu wa Marekani, nikamwambia huyu hata hapa Muheza yupo, nimemkuta shambani zaidi ya mara moja, mweusi mabawa kahawia, anaburuta buibui mkubwa wa shimoni. Akanibishia eti wako Amerika tu. Nani mkweli? — Mkulima wa michungwa

Wa alaikum salaam mzee mwenzangu. Hili la kubishana na mtoto mwenye simu nalijua vizuri sana, nyumbani kwangu ni kila siku.

Mmebishana bure, mko sawa wote. Chukua kama ukoo wetu. Ukoo mkubwa unaitwa Pompilidae, hao ndo nyigu wawinda buibui wa dunia nzima, spishi kama 5,000 hivi, wako mpaka Ulaya kwenye baridi. Wengi ni wadogo, urefu wa ukucha, unawaona wanakimbia chini huku mabawa yanatetemekatetemeka, wanaingia nyufa za ukuta wanatoka, mtu hawatilii maanani. Ndani ya ukoo huo kuna nyumba nyingi. Nyumba ya Pepsis iko Amerika tu, hapo mtoto kapatia. Lakini kuna nyumba ya jirani kabisa inaitwa Hemipepsis, yaani nusu Pepsis, jina lilitolewa mwaka 1844 na Dahlbom, Msweden. Hawa nusu ndo wametapakaa: Afrika wapo, India wapo, Asia ya kusini mashariki wapo, na hata huko Amerika wapo wanaishi pamoja na Pepsis. Wakubwa vilevile, weusi vilevile, mabawa ya machungwa au ya kahawia vilevile, ukiwaweka meza moja mimi na wewe tutakosea. Kwahiyo uliyemwona Muheza, kwa maelezo yako, ni wa nyumba ya Hemipepsis au jamaa zake wa karibu, na buibui aliyekuwa anaburutwa atakuwa mmoja wa wale wa manyoya wanaochimba mashimo. Mmoja anayejulikana sana ukanda wetu, Kenya na Tanzania, ni Pterinochilus murinus, aliandikwa na Pocock mwaka 1897, na Wazungu wanaofuga buibui (ndio, wapo watu wanafuga) wana aina yake ya rangi ya machungwa wanaiita kwa jina la Usambara. Yaani milima unayoiona ukitoka shambani kwako mzee, mtu yuko Ujerumani ana buibui kwenye boksi la kioo na anaitaja.

Hapohapo nirekebishe kosa langu la toleo lililopita, nilichanganya watu. Yule nyigu wa udongo wa nyumbani, mweusi mwenye miguu yenye manjano na kiuno chembamba kama uzi, Sceliphron spirifex, naye anawinda buibui ila SI wa ukoo huu. Huyo Linnaeus alimwandika tangu 1758 na yuko ukoo mwingine, Sphecidae. Tofauti unaiona ukivunja kijumba chake. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunavibandua ukutani na kijiti, unakuta ndani buibui wadogowadogo kumi na kitu wamesokotwa kama dagaa kwenye kopo, na ukiwamwaga kiganjani miguu bado inachezacheza, tulikuwa tunakimbia huku tunapiga kelele alafu tunarudi kubandua kingine. Nyigu wa udongo anajaza wengi wadogo kwenye kijumba kimoja. Hawa Pompilidae, mtoto mmoja buibui mmoja. Hiyo ndo alama yao. Wengi hawajengi kitu juu ya ukuta, wanaweka mawindo ardhini au kwenye tundu lililopo tayari.

Na kuna wa tatu mnayemchanganya, yule wa kijani anayeng'aa kama chuma kilichopakwa rangi, anayemwongoza mende kwa kumshika kipapasio kama mtu anavuta mbuzi. Huyo ni wa mende, ana ukoo wake, tutamwongelea siku yake.

Niongeze hili kwa sababu linanifurahisha. Kule Afrika ya Kusini watafiti wa chuo cha KwaZulu-Natal wamekuta kuna maua, ya jamii ya okidi na ya ile mimea ya utomvu mweupe, ambayo yanategemea kabisa Hemipepsis kuyachavusha. Si nyuki, si kipepeo. Maua yenyewe hayana rangi ya kuvutia, kijani kijani tu na yaliyofifia, yanamwita nyigu kwa harufu. Kwahiyo mtu akimaliza hao nyigu kwa sababu wanatisha, kuna ua pale linabaki bila mbegu.

Niaje mjomba. Nimeskia sting ya huyo tarantula hawk ni ya pili kwa uchungu dunia nzima, ni ukweli ama ni story za YouTube? Na mtu akidungwa aende hosi? — Msee wa Kasarani

Poa sana kijana. Kwanza hilo jina, Wamarekani wanamwita mwewe wa tarantula, na hata tarantula lenyewe ni jina lililohama. Limetoka mji wa Taranto, Italia, na mwanzoni lilikuwa la buibui mwingine kabisa wa huko, mbio mbio, asiye mkubwa hivyo. Wazungu walipofika Amerika wakakuta mabuibui ya manyoya kama sahani, wakabeba jina la kwao wakawabandika. Leo mwenye jina halisi hajulikani na aliyebandikwa ndo staa.

Sasa uchungu. Kulikuwa na mtu Arizona, Justin Schmidt, mtaalamu wa wadudu, amefariki 2023. Kwa kazi yake ya kukusanya wadudu wanaodunga alidungwa mara nyingi sana, akatengeneza kipimo cha uchungu, ya kwanza ilitoka 1983, kuanzia 1 mpaka 4. Nyuki wa asali kampa 2. Pepsis kampa 4, ngazi ya juu kabisa, pamoja na mdudu chungu mmoja mkubwa wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka 2015 alipewa ile zawadi ya Ig Nobel, ya utafiti unaochekesha kwanza ndo ufikirie. Kwahiyo si stori za YouTube tu, ila "ya pili duniani" ni watu wanajiongezea, hakuna aliyepanga foleni wadudu wote wa dunia wakamdunga mtu mmojammoja.

Lakini shika hapa manake ndo penye maana: uchungu na sumu ni vitu viwili. Uchungu wa Pepsis ni kama umeme umekupiga, mtu hawezi kufikiri wala kusimama vizuri, na ushauri wa Schmidt mwenyewe ulikuwa mtu alale chini apige kelele, kwa sababu ukikimbia huku huoni mbele utajikwaa uumie zaidi kuliko ulivyodungwa. Alafu unaisha. Dakika tatu, tano, umekwisha. Sumu yenyewe kwa mtu haina nguvu ya kuua, imetengenezwa kwa ajili ya buibui. Nyuki wanaoonekana wapole na 2 yao wameua watu wengi zaidi, kwa sababu wanakuja mia na kwa sababu kuna watu miili yao inakataa sumu yao. Hilo la mwili kukataa ndo la hosi: mtu amedungwa na chochote, nyuki au nyigu, uso ukaanza kuvimba, koo likabana, akaanza kuishiwa pumzi, hapo usingoje dakika hata moja, twende. Kama ni maumivu tu, piga kelele kama alivyosema mwenyewe.

Na hakufuati. Hawa hawana mzinga wa kulinda, kila jike yuko peke yake na shughuli zake, mpaka umkanyage au umshike. Ule weusi na machungwa ni tangazo, "usiniguse", na linafanya kazi kiasi kwamba kuna nzi wakubwa wasio na mwiba wowote wamevaa rangi hizohizo wakapata heshima ya bure. Wanaomla ni wachache mno. Anayetajwa sana ni yule ndege wa jangwani anayependa kukimbia kuliko kuruka, na kichekesho ni kwamba ndege huyo ndo ndege rasmi wa New Mexico. Ndege wa serikali anamla mdudu wa serikali.

Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu, Unguja. Naelewa kwamba nyigu hamuui buibui bali anampoozesha. Kwa nini asimuue tu yakaisha? Wanafunzi wameniuliza nikakwama.

Wa alaikum salaam mwalimu. Waambie waende Darajani sokoni saa nane mchana wakamwangalie samaki aliyevuliwa alfajiri asiwekewe barafu. Jibu liko pale.

Buibui aliyekufa kwenye joto la shimo anaoza, na buu la nyigu linahitaji nyama mbichi kwa wiki kadhaa. Barafu ya nyigu ni kumwacha buibui hai. Jike anamtafuta kwa harufu, anakwenda mpaka mlangoni kwenye shimo, anachokoza ule utando wa mlangoni mpaka buibui atoke akidhani kaja kitoweo. Wanapambana. Charles Darwin mwaka 1832 karibu na Rio de Janeiro alisimama akaangalia pambano kama hilo kati ya Pepsis na buibui mkubwa, na aliliona la kufa na kupona. Buibui anainua miguu ya mbele na meno wazi, na hapo ndo anapojiponza, manake anafunua kifuani. Nyigu anapenya chini yake na kuchoma pale miguu inapoungana na kifua, sehemu laini, karibu na kitovu cha mishipa ya fahamu. Sekunde chache tu miguu inalegea. Moyo unaendelea kupiga, anapumua, ila hajiwezi.

Ndo anaanza kuburuta, kinyumenyume kama alivyoona yule mama wa Tucson, mzigo wenye uzito mara kadhaa wa kwake, wakati mwingine anamrudisha kwenye shimo lake mwenyewe yule buibui. Nyumba inageuka kaburi. Anataga yai moja juu ya tumbo, anatoka, anafukia mlango anasawazisha udongo, hapo hamjui tena.

Yai linaanguliwa baada ya siku chache, buu linatoboa linaanza kunyonya, na linakula kwa mpango: moyo na sehemu zinazomshikilia buibui kwenye uhai zinaachwa za mwisho. Likishiba linajifuma kwenye kifukofuko na kawaida nyigu mzima hutoka msimu unaofuata.

Kuna kitu kingine hapo ambacho wanafunzi wa kidato cha nne wakikielewa mwalimu umepata. Nyigu jike anachagua mtoto awe wa kike au wa kiume. Yai lililorutubishwa linatoa jike, lisilorutubishwa linatoa dume, na mama ana akiba ya mbegu tumboni anaifungulia au anaifunga. Akipata buibui mkubwa huelekea kutaga jike, kwa sababu jike ndo atakuja kuhitaji mwili wa kuburuta. Akipata mdogo anaweka dume, huyo maisha yake ni maua na kungoja.

Kama yai likiharibika, buibui anaweza kuzinduka kidogo kidogo baada ya muda mrefu. Si wengi wanaofika huko.

Mjomba habari. Nimechoka na buibui ndani ya nyumba, naweza kupata hao nyigu nikawafuga? — Mpangaji, Mbagala

Hapana. Pepsis hataki buibui wako wa dari, anataka jibuibui la shimoni, na nadhani hilo huna ndani ya chumba. Wale wa kona waachie nyigu wa udongo, tayari anakusaidia bila mshahara, wewe acha kumbandulia vijumba. Na buibui wenyewe wanakulia mbu, ukiwamaliza usije ukaniandikia kuhusu mbu.

Kabla sijafunga, mama wa Tucson ameandika tena. Amelipata shimo lilipofukiwa, karibu na ngazi ya jikoni, watoto wanacheza hapo, anauliza amwage maji ya moto. Usimwage mama. Buibui keshapooza hatoki tena, mama nyigu keshaondoka hana habari na shimo, na kilichobaki chini ni buu lisilo na mwiba. Weka jiwe kama alama watoto wasichimbue. Mwakani joto likianza mwambie yule mtoto mwenye simu akae hapo na kamera.